Simu zinakatika saa nne asubuhi: foleni ya setilaiti iko mikononi mwa nani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi wa kompyuta na mtandao katika hospitali ya misheni huku Turkana. Tunatumia VSAT (intaneti ya dishi la setilaiti) ya masafa ya bendi ya Ku, ile setilaiti inayosimama mahali pamoja, kifurushi cha 6 Mbps kupokea na 1 Mbps kutuma, tukigawana na wateja wengine kwa uwiano wa 1:10. Watumishi ni kama sitini. Tuna simu nne za IP za kuongea na hospitali mama Nairobi, madai ya SHA (mamlaka ya bima ya afya ya Kenya) yanapelekwa mtandaoni, na kuna ripoti za DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya) kila mwezi. Usiku pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ni milisekunde 620. Ikifika saa nne asubuhi inapanda hadi 2,500 na simu zinakatikakatika. Nimeweka QoS (kanuni za nani atangulie) kwenye ruta ya MikroTik na sauti nimeipa kipaumbele namba 1, lakini sijaona tofauti yoyote. Mkurugenzi anasema tununue kasi maradufu au tuhamie Starlink. Nikosoe kwanza, kisha unishauri.

JIBU: Ndugu yangu, umeniandikia namba mbili, 620 na 2,500, na sehemu kubwa ya jibu imo humo humo.

Ile 620 ni umbali. Setilaiti yako iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ishara inatoka kwenye dishi lako, inapanda hadi huko, inashuka kwenye kituo cha mtoa huduma, kisha jibu linapanda na kushuka tena. Hata kwa mwendo wa mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi kunakula milisekunde 477 kwa mtu aliye chini kabisa ya setilaiti. Zinazobaki ni za modemu kusubiri zamu yake ya kutuma, za vifaa kuchakata ishara, na za kebo kutoka kituo hicho hadi seva unayoipigia. Hakuna mpangilio wa ruta utakaopunguza hata milisekunde moja katika zile 477. Tuziache.

Ile 2,500 ndiyo kesi yenyewe. Toa 620, zinabaki 1,880, na hizo zote ni za foleni. Kwenye njia ya kutuma ya 1 Mbps, foleni ya sekunde 1.88 ni takriban kilobaiti 235 za data zilizolundikana mahali zikisubiri kuondoka. Pakiti (kipande kidogo cha data) ya sauti ya daktari ikifika nyuma ya lundo hilo, inasubiri hadi lundo lote liishe. Sasa lundo liko wapi? Kwa maelezo yako, haliko kwenye ruta. Liko ndani ya modemu.

Hapo ndipo kipaumbele chako kinapopoteza kazi. Ruta yako imeunganishwa na modemu kwa kebo ya Ethaneti yenye uwezo wa 100 Mbps au zaidi. Kwa macho ya ruta, barabara iko wazi saa zote: pakiti ikifika inasukumwa, hakuna anayesubiri, kwa hiyo hakuna wa kupangwa. Modemu ndiyo inayokumbana na ule mlango mwembamba wa 1 Mbps, nayo isipoelekezwa vinginevyo humhudumia aliyetangulia kufika. Ni kama kumweka nesi wa triaji (anayepanga wagonjwa kwa uharaka) getini, geti likiwa wazi, wakati foleni yenyewe imejipanga kwenye korido ya daktari. Kadi nyekundu anazo mfukoni, ila hana wa kumpa.

QoS haiongezi kasi wala haifupishi umbali. Inaamua nani asubiri, basi. Na huwezi kumwamulia mtu aliye kwenye foleni usiyoishika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuihamisha foleni itoke kwenye modemu ije kwenye ruta, na hilo linafanyika kwa kuibana ruta itume polepole kidogo kuliko modemu inavyoweza. Ukiruhusu kilobiti 850 kwa sekunde kwenye njia ya 1,000, modemu haijai. Inayojaa ni ruta, na humo ndimo amri zako zinasikika. Ndiyo, umetupa asilimia 15 ya kasi mliyolipia. Wahasibu hawapendi kusikia hivyo, lakini ukiiacha ruta itume 1,000 kamili, siku modemu ikipungukiwa hata kidogo foleni inarudi kule kule.

Kwenye MikroTik kuna mambo mawili ninayoshuku uliyapita. La kwanza, kipaumbele katika mfumo wake wa HTB (mti wa foleni, mama na watoto wake) hufanya kazi pale tu foleni mama ina kikomo chake. Ukiweka watoto wenye kipaumbele 1 hadi 8 chini ya mama asiye na `max-limit`, watoto wote wanapita bila kuulizwa na zile namba zinakuwa mapambo. Mama awe na 850k; watoto wawe na `limit-at`, yaani kiasi ambacho kila mmoja amehakikishiwa, na jumla ya hizo `limit-at` isizidi 850k. La pili ni FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha pakiti haraka. Ruta nyingi ndogo za MikroTik zinatoka kiwandani na sheria hiyo ikiwa imewashwa, na pakiti zinazopita kwa FastTrack zinaruka mangle (sehemu ya ruta inayotia pakiti alama) pamoja na foleni nyingi. Watu wanakesha wakirekebisha foleni ambazo hakuna pakiti inayozipitia. Kwa njia ya 6 Mbps huihitaji, izime.

Kama ruta yako inakubali RouterOS 7 (mfumo endeshi wa MikroTik), kuna njia fupi zaidi ya kujenga mti wa HTB tawi kwa tawi, nayo ni aina ya foleni iitwayo CAKE. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo setilaiti inapotofautiana na faiba kuliko mahali pengine popote.

Tatizo la bafa kubwa (sehemu pakiti zinapohifadhiwa zikisubiri) zinazojaa na kuchelewesha kila kitu lilianza kupigiwa kelele karibu na mwaka 2010, na Jim Gettys akiwa mmoja wa waliolipigia debe. Mwaka 2012 watafiti wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, njia ya kuangalia pakiti zimekaa kwenye foleni muda gani badala ya kuhesabu ziko ngapi. Zikikaa zaidi ya milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100 mfululizo, inaanza kudondosha moja moja ili mtumaji apunguze mwendo. Namba hizo zinafaa kwa intaneti ya kawaida. Kwako wewe ni sumu. Mtumaji wako hawezi kujua kwamba pakiti yake imedondoshwa kabla ya milisekunde 620 kupita. CoDel ikidondosha moja, ikasubiri 100, ikaona hakuna mabadiliko, inadondosha nyingine, na nyingine, na habari zinapomfikia mtumaji anakuta amepigwa mara nyingi kwa kosa moja. Anashuka mwendo kupita kiasi na njia inabaki tupu. Ndiyo sababu fundi mmoja atakuambia CoDel iliokoa ofisi yake, na mwingine mwenye VSAT ataapa iliua kasi. Wote wanasema kweli.

CAKE imelifikiria hili. Ina mpangilio wa `rtt` wenye majina yaliyo tayari, na kati yake kuna `satellite`: kipindi kinakuwa milisekunde 1,000 na shabaha 50. Chagua huo. (Kuna pia mpangilio wa safari za kati ya sayari, waliouandika walikuwa na muda wa kutania.) Kisha andika kikomo cha 850k ndani ya CAKE yenyewe, washa `nat` ili ione kompyuta za ndani moja moja, na uiache igawe kwa haki kati ya kompyuta na kompyuta. Hili la mwisho peke yake litaondoa nusu ya malalamiko, maana simu moja inayopandisha picha 400 haiwezi tena kuchukua zaidi ya fungu lake hata ikifungua mikondo ishirini.

Weka pia `diffserv4`. Hapo CAKE inagawa trafiki katika ndoo nne kwa kusoma alama ya DSCP (namba ya uharaka iliyo kwenye kichwa cha pakiti): mizigo mizito isiyo na haraka, trafiki ya kawaida, video, na sauti. Ndoo ya sauti inatangulizwa mradi haizidi robo ya kikomo. Robo ya 850 ni kama kilobiti 212 kwa sekunde, na hesabu hiyo inatuleta kwenye kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya simu zenu.

Simu ya IP inayotumia G.711 inabeba kilobiti 64 za sauti kwa sekunde, lakini kila milisekunde 20 inatuma pakiti yenye kichwa cha baiti 40, kwa hiyo kwenye njia inakuwa 80. Simu nne ni 320 kila upande. Hazitoshei kwenye ndoo ya sauti, na zinakula karibu theluthi ya njia nzima ya kutuma. Ukihamia G.729 sauti ni kilobiti 8, vichwa 16, jumla 24. Simu nne ni 96. Zinaenea na nafasi inabaki. Angalia kichekesho hicho: vichwa vinabeba uzito mara mbili ya maneno yenyewe. Modemu kadhaa za VSAT zina uwezo wa kubana vichwa hivyo. Muulize mtoa huduma kama ya kwenu inao na kama umewashwa. Hakikisha pia simu zinatia alama ya EF, ambayo ni DSCP 46, kwenye pakiti za sauti. Zisipotia, tia wewe kwenye ruta kwa kutumia anwani ya PBX (mtambo unaounganisha simu).

Hata baada ya yote haya, waambie madaktari ukweli. Pendekezo G.114 la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yawe ya kawaida, na linaweka 400 kama ukomo wa kupanga mtandao. Wewe unaanza na 310 za njia, kisha unaongeza kodeki na bafa ya kusawazisha mtikisiko ndani ya simu. Uko pembeni kabisa mwa ukomo. Simu haitakatika tena, lakini watu wataendelea kugongana maneno mpaka wazoee kumalizia sentensi na kunyamaza.

Upande wa kupokea ni mgumu zaidi, kwa kuwa foleni ile iko kwenye kituo cha mtoa huduma na wewe hujui hata sura yake. Unachoweza ni kubana trafiki ikiingia, ili watumaji walio mbali waone pakiti zinachelewa au zinadondoka na wapunguze mwendo wenyewe. Inafanya kazi kwa kuchelewa, kwa sababu ileile ya milisekunde 620, na mkondo mpya wenye pupa unaweza kujaza foleni ya kituo kabla hujamgusa. Hata hivyo inasaidia sana, kwa sharti moja: kikomo kiwe chini ya kasi mnayopata kweli, achana na ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Uwiano wa 1:10 kwenye 6 Mbps maana yake, siku wote mkiamka pamoja, fungu lenu linaweza kushuka hadi 0.6. Ukiweka kikomo cha 5 Mbps wakati saa nne asubuhi mnapata 3, umerudi kumpanga mtu getini. Pima kasi kwa wiki nzima saa za kazi, chukua kiwango ambacho hamshuki chini yake mara kwa mara, ondoa asilimia kumi hivi, na uweke hicho kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Usiku kipandishe. RouterOS ina ratiba ya kubadilisha hilo yenyewe.

Na usisahau kwamba pande hizi mbili zinashikana miguu. Upakuaji wa 6 Mbps ni pakiti kama 500 kwa sekunde, na kompyuta inayopokea hujibu "nimepata" kwa takriban kila pakiti mbili. Majibu hayo 250, yakiwa na baiti 52 kila moja, ni zaidi ya kilobiti 100 kwa sekunde kwenye njia yenu ya kutuma. Njia ya kutuma ikiziba, majibu yanachelewa, na upakuaji unalegea ingawa njia ya kupokea iko tupu. Kwa hiyo mtu wa mapokezi anayelia kwamba ukurasa wa SHA haufunguki huenda anateswa na simu ya mwenzake inayopandisha video, na kumwongezea 6 Mbps nyingine za kupokea hakutamsaidia kitu. Hilo ndilo la kumwambia mkurugenzi kuhusu kununua kasi maradufu: kama mtanunua, nunueni upande wa kutuma kwanza.

Sasa utambuzi. Vitabu vya zamani vya QoS vinakufundisha kutambua programu kwa namba ya poti (mlango ambao programu inapitia), na hilo limepitwa na wakati. Karibu kila kitu leo kinapita poti 443, kimefungwa kwa usimbaji, na sehemu kubwa inapita kwa QUIC, njia mpya zaidi ya kusafirisha data ya wavuti, juu ya UDP. Simu ya WhatsApp na video ya WhatsApp zinatoka kwenye programu ileile. Usihangaike kufukuza programu moja moja. Tambua kifaa na mahali pake: PBX ina anwani yake, kompyuta za mapokezi na za madai VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao), mashine ya tiba kwa njia ya mtandao ya kwake, na Wi-Fi ya simu za watu binafsi iwe VLAN ya mwisho yenye alama ya CS1 (isiyo na haraka) na kikomo chake cha kutuma, tuseme kilobiti 200 kwa wote kwa pamoja. Wataguna. Lakini sheria inayofuata kifaa utaielewa hata baada ya mwaka, na atakayekurithi ataielewa. Orodha ya poti 90 haieleweki hata na aliyeiandika.

Kama mna VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) ya kwenda Nairobi, tia alama kabla pakiti haijaingia ndani yake. Ikishasimbwa yote inafanana. Kuna jambo jingine la VPN ambalo watu wengi hawaambiwi: mifumo ya VSAT mara nyingi huwa na kifaa cha kuharakisha TCP, ambacho huwajibu watumaji kwa niaba ya upande wa pili ili wasisubiri safari nzima ya setilaiti. Kifaa hicho lazima kisome vichwa vya TCP. Ndani ya IPsec (aina ya VPN) hakioni chochote, na QUIC nayo imeficha vichwa vyake. Ukiona faili inapita haraka nje ya VPN na kusuasua ndani yake, usilaumu kipaumbele. Peleka kwenye VPN yale tu yanayopaswa kuwa humo.

Kuna mizigo ambayo ni bora kuizuia isiingie kuliko kuipanga. Masasisho ya Windows ya kila mwezi hutolewa Jumanne ya pili, kwa saa za Marekani, ambako kwetu ni usiku. Kompyuta zenu huyakuta Jumatano asubuhi zinapowashwa. Tazama kumbukumbu zako uone kama siku mbaya zaidi za mwezi haziangukii hapo. Washa ule mfumo wa Windows wa kompyuta kupeana masasisho ndani ya jengo na uwawekee kikomo cha kupakua mchana. Ripoti za DHIS2 ni nyepesi na programu yake ya Android inafanya kazi bila mtandao kisha inasawazisha baadaye, hivyo haina haja ya upendeleo wowote.

Weka pia DNS (huduma ya kutafuta anwani kwa jina la tovuti) yenye kumbukumbu kwenye ruta, ukihakikisha haijibu maswali kutoka nje. Kufungua ukurasa mpya kwa TLS 1.2 (usimbaji unaolinda kurasa za wavuti) kunahitaji safari moja ya kuuliza jina, moja ya kufungua TCP, mbili za TLS na moja ya ombi lenyewe. Safari tano za 620 ni sekunde 3.1 kabla ya herufi ya kwanza kuonekana, hata njia ikiwa tupu kabisa. Kumbukumbu ya DNS inaondoa moja. TLS 1.3 inaondoa nyingine. Zilizobaki ni za setilaiti, na hakuna foleni ya kuzilaumu.

Mvua nayo ina neno lake. Bendi ya Ku hudhoofishwa na mvua kubwa, na mifumo ya DVB-S2 (kiwango cha kurusha data kwa setilaiti) yenye kujirekebisha haikatiki hapohapo. Inabadilisha mtindo wa kuifungasha data kwenye ishara, unaokuwa imara zaidi lakini wenye kasi ndogo. Mtumiaji haoni dalili yoyote kwenye modemu, ila kasi imeshuka na kile kikomo chako cha 850 sasa kiko juu ya uwezo wa njia. Foleni imerudi kwenye modemu bila kukuaga. Nawe unaweza kutazama nje ukaona jua la Turkana linawaka, kwa sababu mvua inanyesha kwenye kituo cha mtoa huduma, maelfu ya kilomita kutoka kwako. Hati ndogo ya amri kwenye ruta inaweza kulipima hili: ipige pingi kila baada ya sekunde chache, ikivuka 900 kwa dakika nzima, ishushe kikomo hadi 600k, na ikitulia ipandishe kidogo kidogo. Ila karibu na 20 Machi na 23 Septemba, jua linapopita nyuma ya setilaiti, mtapoteza mawasiliano kwa dakika kadhaa kila siku kwa siku chache. Hapo subirini tu.

Yako mambo ya kumuuliza mtoa huduma, na uyaulize kwa maandishi. Kasi yenu ya uhakika ni kiasi gani kila upande? Je, kituo chao na modemu yenu vinaheshimu alama za DSCP, au vinazifuta? Na kwa kuwa njia ya kutuma inagawanywa kwa zamu za TDMA, je, mnaweza kutengewa kiasi kidogo cha kudumu, mathalan kilobiti 128? Modemu isiyotengewa kitu huomba nafasi kila inapopata cha kutuma, na ombi hilo lenyewe linapanda na kushuka kabla halijajibiwa. Kwa barua pepe si kitu. Kwa sauti, tengo dogo la kudumu ninalithamini kuliko megabiti mbili za "hadi".

Nimebakiza Starlink. Setilaiti zake ziko kilomita mia kadhaa tu juu, kwa hiyo umbali unaokusumbua unakaribia kutoweka. Huduma ilifika Kenya Julai 2023, na tangu wafungue kituo cha kuunganishia Nairobi mwanzoni mwa 2025, pingi za Kenya zimeshuka hadi makumi ya milisekunde. Kwa simu za madaktari na kwa ule ukurasa wa safari tano, ni dunia nyingine. Kama hospitali ina anga wazi na bei inawezekana, ningehamia.

Lakini usiende ukidhani unaikimbia QoS. Dishi lile linapangiwa setilaiti upya kila sekunde 15, na uwezo wa njia unapandashuka kutegemea setilaiti, watu waliopo kwenye eneo lenu na vizuizi vya anga. Kikomo kisichobadilika kitakuwa juu mno dakika hii na chini mno dakika ijayo. Huko kunahitajika CAKE yenye hati ya kurekebisha kikomo kila mara kwa kutazama pingi, na ipo iliyo tayari kwa OpenWrt (mfumo huria wa ruta) iitwayo cake-autorate. Mpangilio wa `rtt` urudishe kwenye `internet`. Ukiacha `satellite` kwa sababu tu ya jina, utairuhusu foleni ikae ndefu bila sababu. Na vifurushi vya kawaida havikupi anwani ya umma ya IPv4, kwa hiyo PBX ya Nairobi haitaweza kuwapigia moja kwa moja. VPN lazima ianzie kwenu, WireGuard inafaa, ikielekea mahali penye anwani ya umma.

VSAT msiitupe siku hiyohiyo. Ibakizeni kwa kifurushi kidogo chenye kasi ya uhakika, iwe ya akiba ya sauti na madai. Sheria ulizoandika kwa VLAN zitahama nazo bila kuandikwa upya.

Kabla ya hayo yote, kesho asubuhi fanya kipimo kimoja. Kwanza piga pingi kutoka kwenye kompyuta ndogo hadi kwenye ruta yenyewe kupitia Wi-Fi. Ikizidi milisekunde 20 mara kwa mara, sehemu ya ugonjwa iko hewani ndani ya jengo na setilaiti inasingiziwa. Kisha piga pingi ya nje huku ukipandisha faili kubwa tu, halafu huku ukipakua tu, na uandike namba. Upande utakaorusha pingi juu ndio wa kuanza nao, na kwa 1 Mbps nategemea utakuwa wa kutuma. Weka 850k, rudia kipimo, shuka kwa 50 hadi pingi ikae chini ya 750 wakati faili inapanda. Ambatanisha namba hizo kwenye barua ya mtoa huduma. Bila namba watakuambia uzime modemu na kuiwasha tena.